Kichwa cha treni hakitoi moshi: anza na mafuta, waya baadaye

Wenye treni za modeli wanalalamika karibu kwa maneno yale yale. Kichwa kipya cha mvuke kimeandikwa kwenye boksi kwamba kinatoa moshi, na moshi hauonekani. Au kilifuka vizuri sikukuu iliyopita, kikakaa kabatini, leo kimegoma. Mtu anakimbilia bisibisi, anafungua boila, anakata waya mwembamba usiohusika, na tatizo la matone machache ya mafuta linageuka kuwa kazi ya fundi.

Mwongozo huu unafuata dalili. Chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo kinachojitokeza mara nyingi na kinachokaguliwa bila kufungua skrubu hata moja. Msimamo wangu uko wazi tangu mwanzo: vifaa vingi vya moshi vinavyosemwa "vimekufa" havijafa. Vimekauka, au vimezamishwa.

## Jua kwanza una kifaa cha aina gani

Ndani ya dohani ya treni ya modeli hakuna kinachoungua, au hakitakiwi kuungua. Mafuta mepesi ya parafini yaliyosafishwa sana yanapashwa moto mpaka yanakuwa mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa ya nje unapoa na kugeuka matone madogo mno, ndiyo ule wingu mweupe tunaouita moshi. Kwa hiyo vinahitajika vitu vitatu: mafuta, joto, na hewa ya kuusukuma mvuke nje.

Treni za kipimo kidogo kiitwacho HO, hasa za Ujerumani, hutumia zaidi kifaa cha mrija. Seuthe ndilo jina maarufu la mtengenezaji wake, na kiwanda cha treni cha Märklin kimekitumia miaka mingi. Ni kikopo kidogo cha chuma chenye mrija mwembamba katikati na waya wa joto. Mafuta yanachemka ndani ya mrija na kurusha moshi juu yenyewe, bila feni wala pistoni.

Treni za O za Marekani, kipimo kikubwa kuliko HO, ni habari nyingine. Injini za kiwanda cha Lionel za mtindo wa zamani kidogo zina chumba chenye rezista (kipande kinachopata moto umeme ukipita) na utambi, na pistoni inayosukumwa na gia za magurudumu ndiyo inayopuliza. Kiwanda cha MTH, na Lionel wa sasa, hutumia feni ndogo ya umeme. ESU na Massoth wa Ujerumani nao wana vifaa vya feni vinavyodhibitiwa kielektroniki, hata pumzi za moshi zinafuatana na mlio wa injini.

Kitabu kilichokuja na injini kitakuambia ni kipi. Kama kitabu kimepotea, chungulia ndani ya dohani kwa tochi: ukiona kimrija cha chuma kimesimama katikati, ni aina ya Seuthe, ukiona shimo tupu lenye kitu kama pamba chini yake, ni cha utambi.

## Dalili: hakuna moshi kabisa

Swichi. Usicheke. Injini nyingi za O zina swichi ndogo ya moshi chini ya tumbo, ndani ya kibanda cha dereva au kwenye tenda (behewa la mafuta na maji nyuma ya injini), na kidole kinaizima wakati wa kuinua treni bila mtu kujua. Kwenye mfumo wa kidijitali moshi una kitufe chake cha funksheni, na namba yake haifanani kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Soma kitabu, usibahatishe.

Kisha mafuta. Utambi uliokaa miezi kadhaa umekauka mpaka ndani, na matone mawili hayatoshi kuulowesha. Vitabu vingi vya treni za O hutaja matone kati ya 10 na 20 kwa mara ya kwanza, halafu machache kila moshi unapopungua. Weka, subiri dakika kadhaa mafuta yazame, ndipo uwashe. Kwa kifaa cha mrija hesabu ni ndogo zaidi: robo ya mililita hivi kwa HO, kwa bomba la sindano lenye ncha butu.

Mafuta yakizidi nayo ni tatizo, na kwa HO nathubutu kusema linatokea sana kuliko ukavu. Mwenye treni haoni moshi, anaongeza. Bado haoni, anaongeza tena. Mrija sasa umezama, na waya wa joto unahangaika kupasha dimbwi zima badala ya tone moja. Zima umeme, nyonya mafuta ya ziada kwa bomba la sindano mpaka yabaki karibu nusu ya kikopo, futa ukingo wa dohani, jaribu upya. Kwa kifaa cha utambi, geuza injini kichwa chini juu ya karatasi ya tishu na uiache ijichuje.

Wakati mwingine kiasi ni sawa ila utando wa mafuta umetanda kwenye mdomo wa dohani, au kiputo cha hewa kimekwama kwenye mrija. Umeme ukiwa umezimwa, puliza taratibu kwa mrija wa soda. Nasema umezimwa kwa sababu mafuta ya moto yakiruka yatakupata usoni. Mrija wa Seuthe ukiwa na masizi, pitisha waya mwembamba sana juu na chini mara moja au mbili bila kulazimisha. Ukisukuma kwa nguvu utakata waya wa joto uliomo.

Halafu volti. Kwenye mfumo wa analogi, volti za reli ndizo zinazoamua mwendo na ndizo zinazopasha kifaa. Treni ikitambaa, reli zina volti chache, na kifaa kilichotengenezwa kwa volti 14 au 16 hakitapata joto. Ongeza mwendo uone. Moshi ukitokea treni inapokimbia, kifaa chako ni kizima.

Yote hayo yakishindikana, sasa chukua mita. Umeme uzimwe, injini itolewe kwenye reli, plagi ya kifaa ichomolewe, ndipo upime omu. Vifaa vingi vya pistoni vya Lionel vina rezista ya omu 27. MTH huweka rezista mbili za omu 16 sambamba, kwa hiyo mita inapaswa kusoma karibu 8. Vifaa vidogo vya mrija husoma makumi kadhaa ya omu hadi zaidi ya mia, kutegemea volti zake. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, kipashajoto kimekwisha na kinabadilishwa. Kifaa cha mrija hubadilishwa chote, hakifunguliwi.

Ukibadilisha rezista mwenyewe, weka ya omu zilezile na wati zilezile, na uache miguu yake mirefu. Risasi ya kawaida ya kulehemu ikiwa karibu mno na mwili wa rezista inaweza kuyeyuka siku kifaa kikikauka, na kiungo kikaachia. Ndiyo maana baadhi ya viwanda huminya miguu kwa vibanio vya chuma badala ya kulehemu.

Lakini kama omu ziko sawa na hakuna joto, basi umeme haufiki. Kagua plagi imekaa, kagua waya haujabanwa na boila. Hapo ndipo unapoishia. Tatizo likiwa ndani ya dikoda (kibodi kinachopokea amri za kidijitali ndani ya injini) au bodi, mpelekee fundi wa treni za modeli. Fundi wa redio hodari anaweza kulehemu vizuri, lakini bila mchoro wa bodi naye atakuwa anapapasa.

## Dalili: moshi upo, ila ni hafifu

Kwanza tukubaliane hafifu ni nini. Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli, imesimama injini ya mvuke ya aina ya Garratt namba 5918, Mount Gelai, ya daraja la 59. Zile zilichoma mafuta mazito, na moshi mweusi tii haukuwa sifa: ulikuwa dalili ya mafuta yasiyoungua vizuri. Modeli inayotoa mvuke mweupe mwembamba, unaoonekana vizuri mbele ya ukuta wa rangi iliyokolea, inafanya kazi yake. Punguza mwanga wa dirishani kabla ya kuilaumu.

Kama kweli umepungua kuliko zamani, chanzo cha kwanza kwenye treni za O za analogi ni volti, na hesabu yake inafaa kuijua. Nguvu ya joto ni volti kipeo cha pili ugawanye kwa omu. Rezista ya omu 27 kwenye volti 18 inatoa wati 12. Ishushe hadi volti 10 na unapata wati 3.7 tu, chini ya theluthi. Mota za kisasa zinakimbia vizuri kwa volti chache, kwa hiyo injini inazunguka chumba kwa kasi nzuri huku kipashajoto kikiwa vuguvugu. Dawa ya bure: ongeza mabehewa. Mzigo ukizidi utalazimika kupandisha volti, na moshi utapanda pamoja nazo.

Kuna wanaong'oa ya 27 na kuweka ya omu 20. Inafanya kazi. Kwenye volti 18 wati zinapanda kutoka 12 hadi 16 na kitu, na joto hilo lote linakaa ndani ya boila. Kama boila ni ya plastiki, usithubutu. Kama ni ya chuma, hakikisha nyaya zinazopita jirani zina ganda linalostahimili joto, na ujue kwamba mafuta yataisha haraka zaidi.

Chanzo cha pili ni utambi ulioungua, na kwa vifaa vya feni ndicho cha kwanza. Aliyekulia kwenye taa ya chemli hahitaji maelezo marefu: mafuta yakiisha, utambi wenyewe ndio unaoungua, unakuwa mweusi na mgumu, na baada ya hapo haunyonyi hata ukijaza tangi. Fungua chumba cha moshi, kwa kawaida ni skrubu mbili hadi nne na gasketi chini ya kifuniko. Utambi mzima ni mweupe au wa kimanjano na ni laini. Sehemu nyeusi inayogusa rezista ikiwa ndogo, geuza upande safi ugusane nayo. Ikiwa umekauka kama ganda, badilisha wote.

Utambi wa kubadilishia uwe wa nyuzi za kioo zilizotengenezwa kwa ajili ya joto. Watu hutumia kamba ya nyuzi za kioo ya kuzibia milango ya majiko ya kuni, au utambi wa mienge ya bustani, mradi iwe ya nyuzi za kioo kweli. Pamba hapana, inaungua. Zile blanketi za rangi ya waridi za kuzuia joto kwenye dari nazo hapana, zina gundi inayotoa harufu mbaya ikipata moto. Vaa glovu na barakoa unapochambua utambi wa nyuzi za kioo, maana nyuzi zake zinawasha ngozi na koo. Upange utambi uguse rezista bila kuifunika yote, na tundu la hewa libaki wazi. Hapa wengi wanakosea: wanashindilia utambi mwingi wakidhani mafuta mengi ni moshi mwingi, kumbe wameziba pumzi.

Mwenye MTH apime omu pia. Mita ikisoma 16 badala ya 8, rezista moja kati ya mbili imekatika. Moshi unakuwa nusu, na hakuna kiasi cha mafuta kitakachourudisha.

Sababu ya nadra ni mafuta mchanganyiko. Ukihama kutoka chapa moja kwenda nyingine, maliza ya kwanza kabla ya kumimina ya pili, hasa kama moja ni ya parafini na nyingine ni ya msingi wa glikoli.

## Dalili: moshi ukitembea tu, au ukisimama tu

Kwenye kifaa cha pistoni, moshi kupungua treni ikisimama si ugonjwa. Pistoni inaendeshwa na magurudumu. Yasipozunguka hakuna wa kupuliza.

Kinyume chake ndiyo dalili. Moshi ukipanda polepole wakati treni imesimama na usiongezeke wala kuwa na mapigo treni inapotembea, pistoni imenata au mkono wake umetoka kwenye gia. Mafuta ya zamani yaliyoganda yanaifanya inate. Safisha silinda kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, acha ikauke kabisa, usiweke grisi. Grisi itarudisha tatizo lile lile.

Kwenye kifaa cha feni, kata kipande chembamba cha tishu ukishike juu ya dohani, moshi ukiwa umewashwa. Kikitikisika, feni ipo hai. Kikibaki kimetulia huku moshi mvivu ukijikokota nje, feni imekwama: mafuta yameingia kwenye mhimili wake, au panga linagusa ukuta wa chumba. Zima mara moja, kwa sababu bila hewa joto linabaki ndani na utambi unaungua kwa dakika chache. Fungua, zungusha feni kwa kijiti cha meno. Ikilegea, tone dogo sana la mafuta mepesi ya mashine kwenye mhimili linatosha, lile linaloning'inia kwenye ncha ya sindano. Ikizunguka kwa mkono lakini isizunguke kwa umeme, mota yake imekufa; inauzwa kama kipuri.

## Dalili: kinatema mafuta au kinabubujika

Karibu kila mara mafuta yamezidi. Kwa kifaa cha mrija, kububujika kidogo dakika ya kwanza ni kawaida. Kurusha matone kwenye paa la boila si kawaida. Nyonya ya ziada. Kama kiasi ni sahihi na bado kinatema, volti ni nyingi kuliko kifaa kilivyotengenezwa. Hutokea sana mtu anapohamisha kifaa cha analogi kwenda kwenye injini ya kidijitali, ambako reli hubeba volti kamili muda wote hata treni ikiwa imesimama. Tafuta kifaa cha volti zinazolingana, au kama dikoda inaruhusu, punguza nguvu ya tokeo la moshi (njia ya umeme inayotoka kwenye dikoda kwenda kwenye kifaa) kwenye mipangilio. LGB, chapa ya treni kubwa za bustani, wametoa injini zenye vifaa vya volti 5 na nyingine za volti kubwa. Kuweka cha volti 5 mahali pa kikubwa ni kukichoma siku hiyo hiyo.

Futa mafuta yaliyomwagika kwenye rangi mapema, maana yakikaa yanaacha doa.

## Dalili: harufu ya kuungua. ZIMA.

Hapa hakuna kukagua kwanza. Zima transfoma, toa treni kwenye reli, subiri ipoe.

Harufu kali kama ya karatasi iliyobabuka ni utambi mkavu. Hiyo ni nafuu: badilisha utambi, pima rezista, endelea. Harufu ya plastiki ni ganda la waya au boila yenyewe. Fungua, ukiangalia nyaya zilizo karibu na chumba cha moshi. Ukiona shaba tupu, injini isirudi reli mpaka waya huo ubadilishwe. Harufu chungu ya kielektroniki, ile inayokwama puani, au doa la kahawia kwenye bodi: hapo si kazi ya nyumbani tena. Usiiwashe "kuona tu kama bado inafanya". Umeme unaopita kwenye bodi iliyoungua unaweza kuua na spika na mota.

Ukingo wa dohani ya plastiki ukianza kulegea au kupinda, maana yake kifaa hakikuwa na ganda la chuma la kukitenganisha na plastiki, au kimekaa upande. Usikirudishe bila kuweka ganda hilo.

## Dalili: treni inasimama au inazimika moshi unapowashwa

Ukibonyeza kitufe cha moshi na taa za mfumo zikaonyesha shoti, fikiria kwanza mwili wa kifaa. Kikopo cha Seuthe ni cha chuma, na kuna aina ambazo waya mmoja umeungwa kwenye mwili wenyewe. Kwenye injini za zamani za Märklin hilo lilikuwa sawa, fremu ilikuwa njia ya kurudisha umeme. Ukiweka dikoda ya kisasa na mwili huo ukagusa fremu, umeme unapita njia isiyotakiwa. Dalili ya upole ni moshi wa nusu nguvu, kwa kuwa kifaa kinapata nusu tu ya wimbi. Dalili mbaya ni dikoda iliyoungua. Dawa ni kifaa chenye nyaya mbili zilizotengwa na mwili, mmoja kwenye tokeo la moshi na mwingine kwenye waya wa pamoja wa dikoda, ambao kwa kawaida ya DCC (mfumo wa kuendesha treni kidijitali) ni wa buluu.

Cha pili ni mzigo. Tokeo la dikoda ndogo huenda likabeba miliampea 100 tu, na kifaa cha moshi kinaweza kuvuta zaidi ya hapo. Soma kiwango kwenye karatasi ya dikoda kabla ya kuunga. Kikizidi, panahitajika rilei ndogo (swichi inayoendeshwa na umeme) au tokeo lenye nguvu zaidi. Kama hujawahi kuunga rilei, mwachie fundi. Gharama yake ni ndogo kuliko dikoda mpya.

## Dalili: magurudumu yanateleza, taa zinapepesa

Moshi uliotoka lazima utue mahali. Unatua kwenye reli, magurudumu na paa za mabehewa kama utando mwembamba wa mafuta. Injini inaanza kuteleza kwenye mwinuko, umeme unakatikakatika, na mtu anashuku mota. Futa reli na magurudumu kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili. Treni iwe imezimwa na kifaa kimepoa kabisa: alkoholi inawaka upesi kuliko mafuta ya moshi. Vile vipete vya mpira vilivyovishwa kwenye magurudumu navyo vikilegea na kuvimba kwa mafuta, badilisha.

Fungua dirisha. Mwenye pumu asikae chumba kimoja na treni inayofuka saa nzima.

## Mafuta gani, na yapi yasiguse treni

Tumia mafuta yaliyoandikwa kwamba ni ya treni za modeli. Najua swali linalofuata, kwa sababu chupa ndogo ni ghali na dukani kwa jirani kuna mafuta ya taa. Hapana. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia takriban nyuzi 38 za Selsiasi, na ndani ya dohani kuna waya wa moto kuliko hapo mara nyingi. Dizeli, mafuta ya kupikia na mafuta ya watoto yenye manukato navyo havifai: vinaacha masizi, vinanuka, vingine vinaziba mrija moja kwa moja. Maji ya mashine za moshi za kumbi za disko ni ya glikoli, hayakutengenezwa kwa utambi huu.

Chupa ya mafuta ya moshi ikae juu, mbali na mtoto. Mafuta haya mepesi yakimezwa yanaweza kuteleza hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia ya kemikali. Mtoto akinywa, usimtapishe: mpeleke hospitali na chupa yenyewe.

Treni ikienda kabatini, isimamishwe kwa magurudumu yake. Ikilazwa ubavu, mafuta yaliyobaki yanatiririka kwenye bodi na kwenye mota ya feni.

## Treni za zamani na transfoma za Marekani

Lionel walianza moshi mwaka 1946 kwa balbu yenye kishimo juu, kidonge kikawekwa hapo na kuyeyushwa na joto la taa. Mwaka 1947 wakahamia kwenye waya wa joto. Vidonge vya ile balbu ya kwanza vilikuwa vya amonia naitreti; usijaribu kuvitengeneza. Vile vya baadaye huacha nta ngumu inayoziba tundu la hewa, na mara nyingi ndiyo sababu injini ya babu haitoi pumzi. Ikwangue kidogo kidogo, halafu tumia matone mawili matatu ya mafuta ya moshi badala ya kidonge. Ila ukikuta karatasi au pedi ya kijivu ya kuzuia joto, usiikwangue wala kuipuliza. Vizuia joto vya miaka hiyo mara nyingi vilikuwa na asibestosi. Funga, mpelekee mtu anayezijua.

Wengine wanapata treni hizi kutoka kwa ndugu walioko Marekani au Kanada, boksi zima pamoja na transfoma. Transfoma ya Lionel ya zamani ni ya volti 120 na hezi 60. Kuichomeka kwenye umeme wa volti 230 au 240 wa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat ni kuiunguza, na pengine kuunguza meza. Ukitumia transfoma ya kushushia volti, iwe na wati za kutosha, na kumbuka hezi hazibadiliki: kwenye hezi 50 chuma cha ndani kinapata joto zaidi kuliko kilivyokusudiwa. Iguse kila baada ya muda, na ikishindikana kuishika, zima. Waya wa ukutani uliopasuka ganda, usiufunge kwa seloteipu. Huo ni wa fundi umeme.

Adapta za kisasa ni rahisi zaidi. Soma kibandiko chake: kikisema 100–240 V, 50/60 Hz, unachohitaji ni plagi ya kubadilishia umbo tu.